Kinanda Kisichopumua



Katika parokia nyingi za mji wetu wa Kisangani, kutoka Makiso hadi Mangobo, kutoka Kabondo hadi ng'ambo ya mto kule Lubunga, kinanda cha umeme kimekwisha kuwa chombo cha kawaida cha korali, kama zilivyo ngoma na kayamba. Wengi hukiita piano tu. Mnakifahamu: vibao vyeupe na vyeusi, kioo kidogo chenye namba, na ndani yake sauti mia kadhaa, za filimbi, za fidla, za tarumbeta, za ogani ya kanisa kuu la Ulaya, hata za ngoma. Katika ukurasa huu hatutaki kukisifu wala kukilaani. Tunataka kuuliza kwa nini sauti ile, ambayo mara nyingi imenaswa kutoka kwa filimbi ya kweli iliyopulizwa na mtu wa kweli, hutoka ikiwa imekufa. Na mchezaji afanye nini kwa mkono, kwa mguu na kwa pumzi yake ili iwe hai tena.

Swali hilo halikutujia kwa udadisi. Katika parokia moja ya mji huu, korali ya vijana ilichanga fedha kwa miaka miwili. Waliuza mikate, waliuza mafuta ya mawese kwa chupa, walifyeka majani katika viwanja vya watu. Siku kinanda kilipoingia kanisani palikuwa na vigelegele. Lakini miezi michache baadaye jambo la ajabu likaonekana: kusanyiko lilikuwa likiimba kidogo kuliko zamani. Akina mama wa viti vya nyuma, wale wale ambao sauti zao zilibeba nyimbo tangu sisi tulipokuwa watoto, walifumba midomo na kusikiliza, au hata hawakusikiliza. Tangu mwaka 1988, Roma ilipoidhinisha Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, tumezoea Misa ambamo watu wote huimba na kucheza mbele ya Mungu wao. Kusanyiko linalonyamaza wakati wa Utukufu si jambo dogo kwetu.

Halmashauri ya parokia iligawanyika. Wengine walisema kinanda kiuzwe. Wengine walisema kinyume chake, kwamba tatizo ni kuchanganya mambo ya kale na mapya, na kwa kuwa kinanda kina ngoma ndani yake, basi mzee mpiga lokole apumzishwe kwa heshima na chombo chake kipelekwe stoo. Nasi, kwa kuwa kazi yetu ya kila siku ni kuwaandaa walimu, na masikio yetu yamezoea kusikiliza wanafunzi wakisoma, tuliombwa kusikiliza kwa dominika nne na kusema tulichosikia.

Tulichosikia tulikitambua mara moja, kwa sababu tunakisikia darasani kila mwaka. Mwalimu mwanafunzi hupewa kitabu asome mbele ya watoto. Anajua herufi zote, hakosei neno hata moja, lakini anasoma kama mtu anayehesabu mihogo sokoni: kila neno lina uzito ule ule, nukta haimzuii, swali halimwinui, na watoto wanaanza kutazama dirishani. Kinanda chetu kilisoma wimbo hivyo hivyo. Sauti ya filimbi ilianza kwa nguvu fulani na kubaki na nguvu ile ile mpaka kidole kilipoinuka, hata kama ni mapigo manane. Mwisho wa ubeti hapakuwa na pumzi. Na chini ya yote ilikimbia ngoma ya mashine, iliyowashwa kwa kitufe kimoja, ambayo haimngoji bibi yeyote amalize neno lake. Watu waliojaribu kuimba pamoja nayo walijikuta nyuma, na mtu anayejikuta nyuma mara tatu huacha.

Ili tuelewe sababu, yafaa tuingie kidogo ndani ya chombo chenyewe. Chini ya kila kibao cha vinanda vingi vya kisasa mna viguso viwili. Kibao kinaposhuka hugusa cha kwanza, kisha cha pili, na mashine hupima muda uliopita kati yake. Muda ukiwa mfupi, kidole kimepiga kwa kasi, na sauti hutoka kubwa. Ukiwa mrefu, sauti hutoka ndogo. Kipimo hicho huandikwa kwa namba isiyozidi 127. Hayo ndiyo yote ambayo kinanda cha bei ya chini kinayajua kuhusu mkono wako. Ukishapiga, ushike kibao kwa upendo au kwa hasira, kwake ni mamoja.

Kwa sauti ya piano upungufu huo haudhuru sana, maana ndivyo piano yenyewe ilivyo. Nyundo hugonga waya na kuanguka. Tangu hapo mchezaji hawezi kuubadili mlio ule, ila kuuacha ufifie au kuukata. Ndiyo sababu piano ya umeme hudanganya sikio kwa urahisi. Lakini filimbi siyo piano. Fidla siyo piano. Sauti ya mtu siyo piano kabisa. Huko sauti haipigwi na kuachwa, bali hubebwa: mwimbaji huianza kwa wembamba, huinenepesha, huitetemesha karibu na mwisho, huipandisha kidogo kabla ya kuiangusha. Uhai wa noti uko katika yale yanayotukia baada ya mwanzo wake, na hapo ndipo kibao cha kinanda kinapokuwa kiziwi.

Wazee wetu walikijua kinanda ambacho hakikuwa kiziwi. Harmoniamu, kile kinanda cha kukanyaga ambacho wamisionari walikuwa wakisafiri nacho kwa kuwa ogani ya mabomba haibebeki, kilipata jina lake Paris mwaka 1840 kwa fundi Alexandre Debain. Miguu ya mpigaji ilivuta viriba na kusukuma upepo kwenye vipande vyembamba vya shaba. Harmoniamu za namna ya Kifaransa zilikuwa na kivuto kimoja kilichoandikwa neno Expression. Kikivutwa, upepo haukupitia tena katika ghala la kuusawazisha. Ulikwenda moja kwa moja kutoka mguuni hadi kwenye sauti. Ukikanyaga kwa upole, wimbo ulinong'ona. Ukikanyaga kwa nguvu, ulipaa. Ilikuwa kazi ngumu, na mpigaji asiyejua alitoa mlio wa mgonjwa wa pumu. Ila mwenye kujua alikuwa na mapafu mawili ya ziada chini ya nguo yake.

Mafundi wa umeme walilitambua tatizo hili mapema. Mfaransa Maurice Martenot, ambaye alikuwa mpiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, alionyesha chombo chake mbele ya watu mjini Paris mwaka 1928. Mkono wa kuume ulivaa pete iliyofungwa kwenye uzi, na kwa kuitelezesha pete sauti ilipanda na kushuka bila ngazi, kama ya mwimbaji. Mkono wa kushoto ulibonyeza kibonyezo kidogo, na bila kibonyezo hicho hakuna kilichosikika. Kadiri ulivyokizamisha, ndivyo sauti ilivyokua. Zingatieni jambo hilo: alianza na ukimya, akamlazimisha mchezaji kuitoa kila sauti kwa mkono wake mwenyewe. Olivier Messiaen, Mkatoliki aliyepiga ogani katika kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Paris tangu mwaka 1931 hadi kifo chake mwaka 1992, alikipenda chombo hicho, akakiweka kando ya sauti za wanawake katika liturujia zake tatu ndogo za uwepo wa Mungu, zilizosikika mara ya kwanza mwaka 1945. Hakuona aibu kumwimbia Muumba kwa taa za umeme, maana zilimtii mwanadamu.

Baada ya hapo mambo yalirudi nyuma kwa muda, kama yanavyorudi mara nyingi vitu vinapokuwa vya bei rahisi. Mwaka 1983, Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi waliwapatanisha watengenezaji wa vinanda watumie lugha moja, iitwayo MIDI, ambayo hata kinanda cha korali yenu bado huisema. Katika lugha hiyo kibao husema: nimebonyezwa kwa kasi fulani; nimeachwa. Lakini mliweka pia nafasi za kusema mengine, na hizo ndizo watu wengi wamezisahau. Upande wa kushoto wa vinanda vingi mna gurudumu dogo la kupinda sauti, ambalo hurudi katikati lenyewe ukiliachia. Huandikwa kwa hatua 16,384, ili sikio lisisikie ngazi. Karibu nalo, katika vinanda kadhaa, mna gurudumu la pili la kutetemesha. Nyuma mna matundu ya pedali: moja ya kudumisha sauti, ambayo kila mpigaji anaijua na wengi wanaikanyaga mno, na katika vinanda vingine tundu la pedali ya kukuza na kufifisha. Namba 7 katika lugha hiyo hupanga ukubwa wa sauti kwa jumla, namba 11 huuchezesha chini ya dari hiyo kadiri mguu unavyokwenda. Na namba 2 ilitengwa kwa ajili ya pumzi. Naam, pumzi. Kinanda cha Yamaha DX7, cha mwaka ule ule wa 1983, kilikuwa na tundu la kijibomba kinachoshikwa mdomoni: vidole huchagua noti, mapafu huamua ukubwa na ukali wake.

Kinanda cha parokia tunayoisimulia kilikuwa na gurudumu moja na tundu la pedali. Kwa miezi yote ile hakuna aliyeyagusa. Gurudumu lilifunikwa kwa kitambaa ili lisiingie vumbi.

Mpigaji alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ualimu, mwenye vidole vyepesi na sikio zuri. Aliazima pedali kwa rafiki yake anayepiga katika orkestra moja ya mjini. Kwa kuwa iliteleza kwenye saruji, aliigongomea kwenye kipande cha ubao na chini ya ubao akabandika soli ya kandambili kuukuu. Dominika za kwanza zilikuwa za kuchekesha, na tusiwafiche: mguu ulipanda na kushuka kama wa mtu anayepuliza tairi la baiskeli, na wimbo wa Komunyo uliyumba kama mtumbwi kwenye maporomoko ya Wagenia. Hilo ni kawaida. Anayepewa uwezo mpya huutumia wote kwa mara moja.

Hapo ndipo mbinu ya darasani ilipofaa. Mwalimu mwanafunzi anayesoma vibaya hatumwambii asome kwa hisia. Neno hilo halimsaidii, litamfanya aigize. Tunampa penseli, aweke alama ndogo mahali pote ambapo mtu angevuta pumzi kama angekuwa anamweleza jirani yake habari hiyo. Kijana alifanya vivyo hivyo katika daftari la nyimbo. Kisha tukamwomba aimbe kila mstari moyoni, midomo ikitembea, huku akipiga, na mguu ufuate tumbo lake: tumbo linapojaa, mguu ukae juu, maneno yanapotoka, ushuke taratibu, alama ya penseli inapofika, vidole viinuke kabisa hata kama pana ukimya. Huo ukimya mfupi ulimtisha kuliko kitu chochote. Wapigaji wengi huogopa ukimya, hudhani watu watafikiri wamepotea.

Tuliongeza mambo matatu mengine. Sauti ya filimbi au ya tarumbeta apige noti moja moja, maana hakuna mtu duniani anayepuliza noti nne kwa mdomo mmoja, na sikio hulijua hilo hata kama mwenye sikio halijui. Asipite mipaka ya chombo anachokiiga. Filimbi haina sauti ya besi. Na kutetemesha kusianze pamoja na noti, bali kuje baadaye kidogo, kama waimbaji wafanyavyo: hushika sauti wima kwanza, kisha ndipo huiacha itikisike. Mwishowe tulihamisha kinanda kutoka kona ya nyuma ya nguzo na kukiweka ubavuni mwa akina dada wa sauti ya kwanza, mahali ambapo mpigaji anaona mabega yao yakiinuka kabla ya kila mstari. Ngoma ya mashine ilizimwa.

Je, watu walirudi kuimba? Walirudi, si wote na si kwa siku moja. Kwa haki hatuwezi kusema ni pedali iliyowarudisha, kwa kuwa mashine ya mdundo ilizimwa wakati ule ule, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo iliyokuwa mwiba mkubwa zaidi. Lakini kuna siku moja ambayo kwayo tuliacha kuona habari hii kuwa suala la ufundi tu. Korali ilimpoteza mwanachama, binti wa miaka ishirini na mitatu, kwa homa. Katika Misa ya mazishi, kijana alichagua sauti ya fidla nyingi na akaishika chini kabisa, mguu ukiwa karibu kuinuka wote, hivi kwamba ulisikia kitu kama joto chini ya waimbaji zaidi ya muziki. Katikati ya ubeti wa pili mama wa marehemu alilia kwa sauti. Waimbaji walikatika. Mguu wa kijana uliteremsha fidla mpaka zikapotea, vidole vikiwa bado kwenye vibao. Kilio kikapita peke yake. Na mama mmoja wa kiti cha nyuma alipoanza tena mstari ule, fidla zilipanda nyuma yake kutoka mahali pasipo na sauti, wala hakuna aliyejua zilianza lini. Kitufe cha mdundo kisingalijua kwamba pana mama kanisani.

Bado palikuwa na shauri la mzee wa lokole. Yeye ni Mlokele, mzaliwa wa vijiji vya mtoni upande wa Yakusu, na chombo chake ni gogo lililochongwa ndani kupitia mwanya mwembamba, lenye midomo miwili ya unene tofauti, mmoja wa sauti ya juu na mmoja wa sauti ya chini. Kuhusu ngoma hizo aliandika John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyeishi Yakusu, katika kitabu kilichotoka mwaka 1949. Alieleza jambo ambalo wazee walilijua bila kitabu: ngoma haina irabu wala konsonanti, ina tuni tu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti za maneno. Kwa kuwa maneno mengi yana tuni zinazofanana, mpigaji huongeza msemo. Kwa Kilokele mwezi na kuku hulia sawa kwenye ngoma; basi mwezi hutajwa pamoja na msemo wa kuitazama dunia kutoka juu, na kuku pamoja na msemo wa mlio wake, na msikilizaji wa kijiji cha pili hakosei. Ninyi mnaosema Lingala mnajua hivyo hivyo kwamba neno moja, moto, kwa kubadili sauti tu huwa mtu, au kichwa. Kiswahili chetu hakina tuni za namna hiyo, na pengine ndiyo sababu sisi Waswahilisti tunadhani kupinda sauti ni pambo. Kwa mzee yule kupinda sauti ni neno.

Siku ya mazoezi kijana alimwonyesha mzee sauti ya lokole iliyomo kinandani, akampigia mdundo mzuri wa haraka. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa adabu ni nani anayeitwa.

Swali lile lilimaliza mjadala wa stoo kuliko hoja zetu zote mbele ya halmashauri. Lakini halikuishia hapo, na kwetu sehemu inayofuata ndiyo yenye thamani. Kijana alimwomba mzee afundishe mwito mmoja kwa vibao viwili, cha juu na cha chini. Mzee alikubali. Alitumia vidole viwili vigumu kama vijiti, na baada ya dakika chache kinanda kilianza kusema. Wale waliokijua Kilokele walicheka kwa mshangao. Sauti ilikuwa ile ile ya mashine, aliyebadilika ni mwenye kuipiga. Hata hivyo mzee alilalamika. Alisema kibao hakimrudishii mkono. Kwenye gogo, kijiti hugonga na kuruka, na mrukio huo humwambia mkono wakati wa kugonga tena. Kibao cha plastiki hupokea na kukaa kimya. Mafundi wa nchi za nje wamelisikia lalamiko kama hilo kwa wapigaji wengi, ndiyo maana kuna vibamba vya mpira vya kupigia ngoma za umeme, na mabomba ya umeme yenye umbo la klarineti, na vinanda vyenye uso laini ambamo kila kidole kinaweza kusukuma, kutikisa na kutelezesha noti yake. Kwa MIDI ya kwanza gurudumu la kupinda huzipinda noti zote za njia moja kwa pamoja, hivi kwamba ukitaka kutetemesha sauti ya kwanza tu, sauti zote nne za korali yako hutetemeka kama walevi. Utaratibu mpya uitwao MPE, uliokubaliwa mwaka 2018, huipa kila noti njia yake. Vyombo hivyo ni ghali, wala hatuwashauri mviwekee michango. Tunavitaja ili mjue kwamba hata huko vinakotengenezwa, watu wenye maarifa mengi wanahangaika kurudisha kile ambacho gogo la mzee halijawahi kupoteza.

Mmoja wenu alituuliza, katika semina, kama kuifanya sauti ya umeme ifanane na filimbi ya kweli si aina ya uongo, na kama uongo unafaa kanisani. Swali ni jema. Maagizo ya Roma ya tarehe 3 Septemba 1958 juu ya muziki mtakatifu yalikataza vyombo vinavyojiendesha vyenyewe katika liturujia, kama vile gramafoni na mashine za kunasa sauti, kwa hoja kwamba chombo kipigwe na mtu mwenyewe. Mtaguso, mwaka 1963, ukatoa heshima kubwa kwa ogani ya mabomba na kufungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa. Na maagizo ya mwaka 1967 yakaongeza kwamba vyombo vizitegemeze sauti za watu, visizifunike. Tukisoma hati hizo pamoja tunaona hazikuuliza kwanza kama sauti inatoka kwenye bomba, kwenye ngozi au kwenye umeme. Ziliuliza kama kuna mtu. Kwa hiyo tunajibu: filimbi ya umeme inayofuata pumzi ya kijana anayeimba moyoni haimdanganyi mtu yeyote, na wala haina haja ya kufanana na filimbi ya Ulaya hata isitofautishwe. Ngoma ya kweli iliyonaswa kwa usahihi wote, ikajirudia yenyewe kwa kitufe, hiyo ndiyo yenye neno la kujibu. Wapo watakaosema tumekuwa wakali. Na waseme.

Kijana sasa anataka kijibomba cha pumzi. Ameona picha yake, amekokotoa bei na nauli ya mzigo kutoka Kinshasa, ameandika barua kwa halmashauri. Mama mmoja mjumbe aliuliza kama atakuwa anapiga akiwa na kitu mdomoni mbele ya altare, na kama kitaoshwa. Mweka hazina aliuliza kwanza nani atalipa deni la spika. Suala limewekwa hadi kikao kijacho, na mguu unaendelea na kazi. Soli ya kandambili imekwisha kubadilishwa mara moja.